Malengelenge baada ya masika: bodi ya gari ya zamani na chumvi ya visiwani

Gari ya zamani inapigwa rangi mwezi wa pili. Inang'aa, inapita Forodhani watu wanageuza shingo. Masika yanaingia, yanatoka. Kufika mwezi wa nane, chini ya milango na kwenye kingo za madigadi rangi imeota malengelenge. Ukilitumbua moja kwa kucha yanatoka maji ya rangi ya chai, na nyuma yake bati ni jeusi. Mwenye gari anamlaumu mpiga rangi, mpiga rangi anailaumu thina aliyozimulia rangi, na aghlabu wote wawili wanatafuta kosa pasipo. Rangi haikuwa na ila. Bati lililo chini yake ndilo lililokuwa bovu tokea kabla ya rangi kupigwa, kwa sababu chumvi iliachwa ndani.

Kazi ya bodi ya gari kongwe huku visiwani inasimama au inaanguka kwa jambo hilo moja. Uingereza magari haya yanaozeshwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Kwetu chumvi iko hewani mwaka mzima: kusi inaipiga pwani ya Paje, Jambiani na Makunduchi, kaskazi inaileta upande wa Matemwe na Nungwi, na Mji Mkongwe wenyewe umechomoza baharini. Kwa hiyo mpangilio wa kazi, maji ya kuoshea, hata saa ya kupiga rangi, vyote vinabadilika.

Nitatumia Morris Minor kuwa mfano. Ilianza kuuzwa mwaka 1948, ikaenea sana Afrika Mashariki, na vipande vingi vya bodi yake bado vinatengenezwa Uingereza. Zaidi ya hayo ni gari isiyo na chesisi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, abiria na springi, kwa hiyo bati likioza si sura tu inayoharibika, nguvu ya gari nayo inaondoka. Aliyeielewa Minor hatopotea akipewa Peugeot 404 au Ford Anglia, kwani nazo zimejengwa hivyo hivyo. Land Rover na Volkswagen Beetle zina mpango mwingine, nitazigusa njiani.

Chumvi inafanya nini hasa

Chuma kinahitaji maji na oksijeni kupata kutu. Chumvi si sharti, lakini inayafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita baina ya sehemu moja ya bati na nyingine. Kisha chumvi inaleta maji yake yenyewe. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofika kiasi cha asilimia 75. Chumvi ya bahari imechanganyika na magnesiamu kloridi, ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 hivi. Usiku hewa ya Unguja na Pemba mara nyingi inapita hata hicho kiwango cha juu. Gari isiyopata tone la mvua, ikilala nje Mkoani au Shangani, inaamka imelowa mahali penye chumvi.

Lililo baya zaidi ni kwamba kloridi, sehemu ya chumvi inayochochea kutu, haiishi. Inachochea kutu, kutu ikishatokea kloridi inabaki pale pale chini ya kishimo na kuanza upya. Bati lililokwisha kuliwa lina vishimo vidogo vyeusi, na grenda inapopita juu inang'arisha vilele tu. Kwa macho bati ni safi. Ndani ya vishimo chumvi imekaa, na praima, yaani rangi ya kwanza ya kushika bati, ikipigwa juu yake, unyevu unaopenya rangi taratibu unavutwa na chumvi ile mpaka lengelenge linainuka.

Kutu pia inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana pale mabati mawili yalipobanwa pamoja kwa pointi za kiwandani, yaani vidoto vya kuchomelea, maungio yanafura na kupanuka. Ukiona ukingo wa chini wa mlango umevimba kama mkate, ujue kazi imekwisha fanyika ndani muda mrefu.

Kuichunguza

Vifaa ni vitatu: nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, na sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba. Sumaku inayoteleza bila kushika inakuonesha puti nene, faiba, au risasi. Nyundo inakupa sauti, maana bati zima linalia, lililooza linajibu kwa sauti ya kufa. Bisibisi isukumwe kwa nguvu ya kiganja, isipigwe. Ikipenya, hapo ni pa kukata, na hapana mjadala.

Kwenye Minor anza chini, si juu. Mahali pa kwanza ni mhimili unaokatisha chini ya viti vya mbele, kwa sababu humo ndimo zinamoshikwa ncha za nyuma za vyuma vya msokoto vinavyofanya kazi ya springi za mbele. Mhimili ukilegea, gari inakaa upande mmoja na usukani hauaminiki tena. Kisha tazama vizingiti vya milango kwa urefu wake wote, mahali pa jeki, vishikio vya springi za nyuma, na kona ya juu ndani ya madigadi ya mbele, karibu na bawaba za mlango, ambapo tope linajikusanya na kukaa miaka. Inua zulia na kila kilicho chini yake. Mkeka wa pamba uliolowa ukishikana na bati unaiozesha sakafu kutoka juu, na fundi aliyelala chini ya gari hataiona ila siku ile mguu unapotoboka.

Beetle ina betri chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Tindikali inayovuja huila sakafu pale, na mirija mikubwa ya bati iliyo chini ya milango, inayopitisha hewa ya moto, ndiyo vizingiti vyake. Kwa kuwa bodi imefungwa kwa boliti juu ya sakafu, unaweza kuinyanyua nzima ukafanya kazi kwa raha, mradi utie mihimili ya muda kwanza.

Land Rover za zamani zinadanganya watu. Paneli zake ni aloi ya alumini, basi husemwa haziozi. Lakini chesisi ni chuma, na ukuta wa mbele unaobeba bawaba za milango pia ni chuma. Alumini ikigusana na chuma palipo na maji ya chumvi, viwili hivyo vinakuwa betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe chini ya rangi, khasa kuzunguka boliti, ndio alama yake. Dawa ni kuvitenga: praima ya epoksi pande zote mbili, silanti, gundi ya kuzibia maji, baina yao, na boliti zikazwe zikiwa zimepakwa silanti hiyo hiyo. Kukaza upya vikavu kunarudisha tatizo.

Kukata na kuunga

Kabla ya cheche ya kwanza, toa tangi la petroli kabisa, liwekwe mbali na gereji, na mirija yake izibwe. Ondoa betri, viti, mazulia, sponji zote. Weka ndoo mbili za maji na mtu wa kutazama upande wa pili wa bati, kwani moto wa gereji huanzia mahali asipoona mchomaji. Ukimaliza, kaa na gari nusu saa kabla ya kufunga.

Kisha lipo kosa linaloharibu magari mengi kuliko kutu: kukata vizingiti vyote viwili pamoja. Gari isiyo na chesisi ikikosa vizingiti inakunjika katikati kidogo, milimita chache tu, na baada ya hapo milango haifungi maisha. Utaratibu ulio salama ni huu. Gari isimame juu ya stendi zilizo chini ya ekseli na vishikio vya springi, ili uzito ukae kama unavyokaa barabarani. Milango ibaki mahali pake mpaka mianya yake yote ipimwe na kuandikwa. Chukua bomba la mraba la milimita 25, likatishe mlango kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, lichomewe pointi. La pili lipite kwa mshazari. Pima mishazari miwili ya uwazi wa mlango, andika kwenye karatasi ya gundi, ibandike kwenye kioo. Fanya upande mmoja mpaka uishe, ndipo uende wa pili. Kila baada ya pointi nne au tano, pima tena na ufunge mlango.

Bati la kutumia lina shida yake. Paneli za nje za magari haya ni geji 20, yaani milimita 0.9 hivi, na sehemu zinazobeba mzigo ni milimita 1.2 hadi 1.6. Bati la kuezekea nyumba, geji 28 au 30, halifai hata kidogo: ni jembamba mno, na lina zinki. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi usiku ule. Maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii. Kinachozuia ni kuichuna zinki mpaka chuma kitoke, na kukaa upande upepo unakotoka. Bati la pipa la lita 200 ni jingine. Unene wake unakaribia milimita 1, ni chuma laini kizuri, na gereji nyingi zinalitumia kwa haki. Hatari yake ni kulifungua. Pipa lililobeba mafuta, hata likinuka kidogo tu, lina mvuke unaolipuka likiguswa na gesi au grenda. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, lijazwe maji karibu na ukingo, lifunguliwe kwa tindo au mkasi wa bati bila moto wowote. Lisilojulikana lilibeba nini, liachwe.

Kata mpaka ufike bati zima, kisha ongeza sentimita 2 zaidi. Kiraka kikatwe kona za mviringo, kwa kuwa kona kali inapasuka. Usiweke kiraka juu ya bati bovu. Nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo linalofanyika kila siku: kiraka juu ya kiraka, faiba juu ya vyote, na baina yao mfuko wa unyevu usio na pa kutokea. Ukiuvua mlango uliofanyiwa hivyo unakuta tabaka tatu, na ya chini kabisa imebaki unga.

Namna ya kuchomea inategemea ulicho nacho. Mashine ya kawaida ya vijiti haifai kwa bati la 0.9. Hata kijiti cha milimita 2 kinatoboa. Itumie kwenye chesisi ya Land Rover, ambayo bati lake ni kiasi cha milimita 2. Mashine ya MIG, inayolisha waya yenyewe na kupuliza gesi ya kukinga mshono, ikiwa na waya wa 0.6 au 0.8 ndiyo rahisi kuimudu. Acha mwanya wa milimita 1 baina ya kiraka na bodi, weka pointi kila sentimita 3, kisha jaza kwa mishono mifupi ya sentimita 1, ukiruka kutoka upande huu kwenda ule ili joto lisikusanyike. Weka kiganja karibu na mshono: ukishindwa kukiacha pale, ngoja. Mahali kiwanda kilipobana mabati kwa pointi, toboa matundu ya milimita 6 kwenye bati la juu, uyajaze. Mabati hayo mawili yapakwe praima ya zinki ya kuchomelea kabla ya kubanwa, maana baada ya hapo brashi haiingii tena.

Upepo nao una neno lake. Gereji nyingi zetu ni banda lisilo na kuta, na kusi ikivuma inaipeperusha gesi inayokinga mshono. Matokeo ni mshono wenye matundu kama sifongo, unaovuja maji hata ukisagwa ukawa laini. Turubai mbili upande wa kusini-mashariki zinamaliza tatizo hilo.

Gesi ya oksijeni na asetilini bado ina wapenzi wake, nami ni mmoja wao kwa paneli za nje. Mshono wake ni laini, unafulika kwa nyundo ungali na joto, juu ya kipande cha chuma kizito kinachoshikwa nyuma. Lakini inatawanya joto, na bati pana likishapinda linahitaji mkono wa mtu aliyezoea kulirudisha. Asiyezoea aache boneti na paa, ajifunze kwenye sakafu.

Magari ya miaka ya 1950 yana maungio yaliyozibwa kwa risasi kiwandani. Ni ya kijivu, laini, inakatika kwa kisu. Usiisage kwa grenda, vumbi lake ni sumu inayokaa mwilini. Tumia tupa pana, ukusanye chembe zake kwenye gazeti. Rangi za zamani nazo huwa na risasi, basi zisuguliwe kwa maji, watoto wasiwepo.

Kuosha, ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo gari ya visiwani inapopona au inapokufa, na hapa ndipo haraka inapoingia.

Wengine wanapuliza mchanga. Mchanga wa pwani usifikiriwe. Mweupe wa huku kwetu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, ni laini, na umejaa chumvi ileile tunayoikimbia. Mchanga wa aina nyingine unaotoa vumbi la silika unaleta maradhi ya mapafu yasiyopona. Na kwenye paneli pana, upepo mkali wa kupulizia unalipinda bati. Kama yupo mwenye mashine na chembe za madini zinazofaa, mpe chesisi na vipande vinene, si boneti.

Vipande vidogo, kama bawaba, vishikio na taa, vitiwe kwenye pipa la molasi: sehemu 1 ya molasi kwa 9 za maji, wiki moja hadi mbili. Inanuka vibaya na inavuta nzi, lakini inaingia ndani ya vishimo na hailiharibu chuma zima. Alumini na mazaki (aloi ya zinki) isitiwe humo. Njia nyingine ni umeme. Ndoo ya plastiki, kijiko kikubwa cha magadi ya kufulia kwa kila lita 4 za maji, chaja ya betri ya volti 12. Kipande kifungwe upande wa hasi, chuma chakavu upande wa chanya. Usitumie chuma kisichoshika kutu kwa upande wa chanya, maji yatageuka sumu kali. Fanya nje, kwa kuwa gesi inayotoka ni haidrojeni, na chaja izimwe kabla ya kugusa waya.

Paneli kubwa zisuguliwe kwa brashi ya waya na msasa, kisha zipakwe asidi ya fosforiki iliyopunguzwa kama chupa inavyoelekeza. Asidi hii inaigeuza kutu iliyobaki kuwa fosfati ya chuma. Isiachwe ikauke ikawa utando wa kunata chini ya praima ya epoksi. Isuguliwe ingali na maji, ioshwe.

Sasa maji. Visima vingi karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na hata maji ya mfereji hayalingani mtaa na mtaa. Kuosha bati tupu kwa maji ya namna hiyo ni kupanda mbegu ya malengelenge kwa mkono wako. Maji ya mvua ndiyo bora, na masika yanayatoa bure: acha mvua ya mwanzo ioshe paa na mabomba, kisha kinga kwenye mapipa safi na uyafunike. Lita 100 zinatosha gari ndogo. Yachemshe kiasi, tia sabuni kidogo, sugua kwa brashi ngumu ya plastiki hasa penye vishimo, suuza, rudia. Maji ya moto yanayeyusha na kutoa chumvi vizuri kuliko ya baridi. Kausha mara moja kwa kompresa na kitambaa kisicho na nyuzi.

Kisha fanya jaribio ambalo halina gharama. Liache bati tupu usiku mmoja ndani ya banda, likiwa halikuguswa kwa mkono, kwa kuwa jasho la vidole nalo ni chumvi. Asubuhi mapema lichunguze kwa taa ya pembeni. Kutu nyepesi ya manjano iliyotanda sawasawa ni ya unyevu wa kawaida, inatoka kwa msasa. Lakini ukiona vidoa vya giza vimetokea kila kimoja mahali pake, vingine vina tone dogo juu, pale ndipo chumvi ilipobaki. Zungushia kila kidoa kwa chaki, sugua, osha tena, lala tena. Mara nyingine usiku wa tatu ndio unaotoka safi. Bati likitoka safi, praima ipigwe siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri kama inawezekana.

Puti na rangi

Praima ya epoksi, mikono miwili, moja kwa moja juu ya bati tupu. Puti inakuja juu ya epoksi, si chini yake, kwani puti inanyonya maji, na kwa sababu hiyo hiyo isisuguliwe kwa msasa wa maji ikiwa wazi. Changanya hadina, dawa ya kuigandisha, asilimia 2 hivi kwa uzito. Ukizidisha, rangi ya hadina huibuka baadaye juu ya rangi ya gari kwa madoa. Unene wa milimita 3 ndio mwisho. Penye bonde la zaidi ya hapo, rudi kwenye nyundo.

Wanaotaka sura ya asili wanapiga selulosi, rangi ya zamani inayokauka thina yake inapokimbia. Mchana wenye unyevu, selulosi inafanya ukungu mweupe juu: thina inayokimbia inalipoza bati, hewa iliyo juu yake inaacha umande, na umande unanaswa ndani ya rangi. Tumia thina inayokauka polepole, epuka masika na vuli, piga baina ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, umande ukiwa umeondoka na haujarudi. Bunduki yenye tundu la milimita 1.4 kwa rangi, 1.8 kwa praima nzito, umbali wa shubiri moja, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Tangi la kompresa limwagwe maji kila asubuhi, na kichujio cha maji kiwe karibu na bunduki, si karibu na kompresa, ili hewa ipoe kwanza na maji yajitenge.

Rangi zenye hadina zinadumu zaidi kwenye jua letu. Hadina yake ina isosayaneti, inayoharibu mapafu moja kwa moja, na barakoa ya karatasi haizuii chochote. Inahitajika barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Asiyekuwa nayo apige selulosi.

Uvungu

Rangi ikikauka watu husema gari imekwisha. Ndani ya vizingiti, nguzo, milango na mhimili wa chini bado ni bati tupu lililoungua kwa kuchomelewa, na humo ndimo kutu itakamoanzia. Nta ya kupulizia uvungu iingizwe kwa mpira mrefu wenye ncha inayotawanya, siku ya jua kali gari ikiwa imeanikwa, ili nta iwe nyepesi na itambae kwenye maungio. Piga, ngoja siku mbili, piga tena mpaka idondoke kwenye vitundu vya chini. Kisha vitundu vizibuliwe kwa kijiti. Oili chafu ya injini, inayomiminwa na wengi kwa sababu ni ya bure, ina asidi za mwako na inavimbisha raba za milango. Sikubaliani nayo.

Minor ya mbao, ile Traveller iliyoanza 1953, ina jambo la ziada. Mbao za nyuma si pambo, ndizo zinazoshika paa na ubavu. Mafundi wa majahazi wa Nungwi wana mikono ya kuzichonga upya kwa mvule au mninga uliokauka vizuri. Wasizipake tu sifa, yaani mafuta ya papa: mafuta hayo yanalinda ubao wa chombo, lakini vanishi haishiki juu yake. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila ncha ya ubao inayotazama chini inyweshwe vanishi nyepesi mara tatu kabla ya kufungwa.

Kromu nitaisema kwa ufupi, maana hapana kiwanda cha kuirudisha jirani. Ioshwe kwa maji ya mvua, ipakwe nta, na isisuguliwe kwa ukwaju wala ndimu kama vyombo vya shaba. Asidi inapita kwenye vitundu vya kromu na kuila mazaki iliyo chini.

Gari ikirudi barabarani, kila ikipita karibu na ufukwe iogeshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi, pamoja na ndani ya matao ya magurudumu. Wiki mbili kabla ya masika, pitisha waya kwenye vitundu vyote vya chini ya milango, kisha mwaga kikombe cha maji juu ya raba ya kioo na ungoje. Maji yatokee chini papo hapo. Yasipotoka, mlango ufunguliwe siku hiyo.